Mpagazi wa Kiti cha Nne

Simu ya shemeji yake ilimkuta Ndahani amekaa kwenye benchi, fundi anamfunga kola shingoni.

"Shemeji, uko wapi?"

"Kazini, Mama Seche. Nina dakika kumi na mbili. Sema haraka."

"Kaka yako amevaa vesti."

Ndahani akausukuma mkono wa fundi. "Vesti gani? Yeye hana vesti."

"Ya Mama Yoeli. Leo ni zamu yetu, mimi ndiye nilikuwa nivae. Nimekwenda gengeni kununua nyanya, narudi nakuta chumba kimefungwa kwa ndani. Nagonga, ananiambia nisimpigie kelele, mechi ya mwanawe inaanza. Shemeji, daktari alisemaje? Si ulikuwepo?"

Alikuwepo. Daktari aliuchora moyo wa Yeremia kwa kalamu juu ya bahasha ya dawa, akauzungushia duara, akasema moyo huu umebaki wa kukaa nao, si wa kukimbia nao. Hasira, hofu, furaha ya ghafla, vyote marufuku. Akamruhusu kioo tu, picha na sauti, kama watazamaji wa zamani.

"Amechagua kiti gani?" Ndahani akauliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Unaniuliza mimi? Achague kiti gani kama si chako?"

Kule Chang'ombe, mtaani kwa kaka yake, nyumba nane zilikuwa na vesti moja. Mama Yoeli ndiye aliyeinunua. Kila siku ya mechi aliivaa, akabonyeza kifungo kilichomtambua kwa dole gumba lake, taa ikawaka njano, akaivua kabla taa haijageuka kijani na kumpa mwenye zamu. Hawakuona ubaya wowote. Sufuria kubwa ya shughuli inazunguka mtaani, viti vya msiba vinazunguka, kwa nini vesti isizunguke? Ila ndani ya vesti kulikuwa na kizuizi cha kumkatia mtu mechi mapigo ya moyo wake yakizidi kipimo, na kipimo kilikuwa kimechukuliwa kifuani kwa Mama Yoeli. Mama Yoeli aliponda kokoto tangu ujana wake. Moyo wake ungeweza kuendesha trekta.

Ndahani akampigia kaka yake. Simu ililia mara moja tu.

"Naam, bwana mdogo. Mbona hujakaa? Huku naona giza tupu."

"Kaka, vua hiyo vesti."

"Sivui."

"Itakuua."

"Vesti ni kitambaa." Yeremia akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi kirefu. "Sikiliza. Nimelala kitanda hiki miezi ishirini na miwili. Misumari ya dari naijua kwa idadi. Leo mwanangu anacheza fainali, mimi nimtazame kwenye kioo? Kioo ni kunusa pilau ya jirani."

"Kwenye kioo unamwona vilevile."

"Namwona. Ila sishtuki. Sasa kama sishtuki nimeona nini?"

"Ndiyo maana daktari akasema kioo!"

"Daktari hana mtoto anayecheza leo."

Ndahani akasimama, akaketi, akasimama tena. Fundi akamtazama na kola mkononi. "Nikiwaambia hapa," Ndahani akasema simuni, "wanakukatia sasa hivi."

"Waambie. Watanikatia, vesti watamnyang'anya Mama Yoeli, na nyumba nane zote zitajua nani kawazimia. Halafu mimi nitavaa ndala zangu nije huko kwa miguu. Sitafika hata kwenye ile transfoma. Chagua wewe unataka nife wapi."

"Kaka, atakayekuua ni mimi. Ni moyo wangu huu utakaofanya hiyo kazi."

"Moyo ni wako, vesti nimevaa mimi. Wewe kaa kitini kama kila siku. Ndilo ninalokuomba tu." Simu ikakatika.

* * *

Hakuna aliyewakataza watu kwenda uwanjani. Waliacha wenyewe. Vesti zilipotoka, mtu alijiuliza kwa nini apigwe jua kwenye foleni, asukumwe, amwagiwe soda, na nyumbani anaweza kuvaa kitambaa akakaa ndani ya mwili wa mtu aliye mstari wa mbele. Alichokiona mtu huyo, naye alikiona. Ubaridi wa kiti aliusikia mapajani. Zaidi ya yote, moyo wa mtu huyo ulipodunda na wake ulidunda. Katika miaka mitano majukwaa yakabaki na njiwa. Wenye uwanja wakang'oa viti elfu sita, wakaacha kumi na viwili, na juu yake wakaweka watu kumi na wawili wenye kola shingoni za kupeleka macho na mapigo yao kwenye vesti. Watu wakawaita wapagazi, kwa sababu kila mmoja alibeba nyumba za watu kwa maelfu.

Mpagazi hakuruhusiwa kusema wala kupiga makofi. Sauti yake ilitikisa kola, na isitoshe watu wa nyumbani walitaka kupiga kelele kwa midomo yao wenyewe. Hivyo fainali ya ubingwa wa mpira wa kikapu ilichezwa kimya. Mpira ulidunda, soli za viatu zikalia kwenye mbao, kocha akafoka, basi.

Ndahani alikuwa ameifanya kazi hii miaka kumi na moja. Hakuajiriwa kwa elimu, maana aliishia darasa la sita. Aliajiriwa kwa sababu moyo wake ulikuwa mwepesi kuwaka. Na leo kampuni ilikuwa imetangaza wiki nzima kwamba mpagazi wa kiti cha nne ndiye baba mdogo wa Sechelela, namba saba wa timu ya Zuzu, ndiye aliyemfungia ringi ya kwanza ya tairi la baiskeli nyuma ya choo. Nyumba elfu arobaini na moja zilikuwa zimemchagua yeye.

Refa akarusha mpira juu. Zuzu na Kahama wakaanza.

Ndahani aliamua kuwa jiwe. Alitazama viatu vya refa. Alihesabu mabati ya paa. Alijaribu kumkumbuka mwenye nyumba wake wa zamani, mtu aliyechosha kuliko wote aliowahi kuwajua, akawa anajirudia kichwani hotuba zake kuhusu bomba la maji.

"Kiti cha nne." Ilikuwa sauti ya Grasiana, msimamizi wa wapagazi, ndani ya sikio lake. "Mbona unatazama paa?"

Ndahani akateremsha macho. Akamwona Seche.

Binti alikuwa na urefu wa mlango na miguu kama ya korongo. Aliruka mbele ya mchezaji wa Kahama, akaupokonya mpira, akakimbia peke yake mpaka kwenye ringi, akauweka ndani taratibu kama mtu anayerudisha kikombe kabatini. Moyo wa Ndahani uliruka kabla hajauzuia. Papo hapo akamwona kaka yake kitandani, mkono kifuani, mdomo wazi.

Tulia, akajiambia. Tulia, mjinga wewe, unamuua.

Na hofu nayo ikaanza kudunda. Hilo hakuwa amelifikiria. Kadiri alivyoogopa ndivyo moyo ulivyokwenda mbio, na kadiri ulivyokwenda mbio ndivyo alivyozidi kuogopa. Akafumba macho.

"Kiti cha nne! Fumbua macho! Nyumba elfu nane zimekuhama!"

* * *

Wakati wa mapumziko Grasiana alimwita ofisini kwake, chumba kidogo chenye vioo kumi na viwili ukutani. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyependa kula karanga kazini. Leo karanga zilikuwa mezani hazijaguswa.

"Mzee Ndahani, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi unanifanyia nini? Watu wamekuchagua kwa ajili ya yule binti. Wanataka pilipili, unawapa uji wa mgonjwa. Zuzu wanaongoza kwa pointi tatu na wewe moyo wako ni kama wa mtu anayengoja cheti cha kuzaliwa."

Ndahani alibaki mlangoni. Hakuweza kukaa. "Nikuulize. Nyumbani akiwapo mtu mwenye moyo mbovu, inakuwaje?"

"Kizuizi kinamkata. Unajua hilo."

"Na vesti kama si yake?"

Grasiana akaondoka mezani, akafunga mlango.

"Usiniambie neno lingine," akasema. "Ukiniambia nimejua, na nikijua naandika, nikiandika kuna mtu anapelekwa mahakamani. Unadhani ni wewe tu? Dodoma nzima wanazungushana vesti. Makao makuu wanajua. Vesti moja ikihesabiwa kama nyumba nane, nani atalalamika?"

"Kwa hiyo wapo waliokufa."

"Mzee wangu, rudi kitini."

"Wapo?"

"Mwaka jana saba. Ninaowajua mimi."

"Kwenye viti gani?"

"Vyote."

"Grasiana, nimekuuliza. Viti gani?"

Grasiana akachukua karanga moja, akaimenya, akairudisha kwenye sahani. "Wawili walikuwa kwako," akasema. "Ile nusu fainali na Tabora. Ulikuwa moto siku ile. Tulikupa cheti."

Ndahani alikikumbuka cheti. Kilikuwa sebuleni, juu ya televisheni isiyowaka. Alikumbuka pia siku yenyewe, jinsi alivyotoka hapa miguu mepesi, akanywa supu, akajisifu kwa mwenye kibanda kwamba leo amewapa watu mechi. Watu wawili walikuwa wamelala sakafuni mahali fulani, vesti za watu wengine vifuani, na yeye anaongeza ndimu.

"Walikuwa akina nani?"

"Sijui. Hata ningejua nisingekuambia." Grasiana akafungua mlango. "Sikiliza, na mimi nina roho. Kama kuna mtu wako, mpigie avue. Simu chukua, sijaiona. Robo ya nne ikianza nyumba zinafungwa, kila moja inabaki na kiti chake mpaka mwisho. Hapo hata mimi siwezi kumtoa mtu bila kupandisha taarifa."

Ndahani alipiga akiwa anatembea kwenye korido. Alipiga mara nne. Yeremia hakupokea.

Mama Seche alipokea. "Anacheka," akasema. "Namsikia mlangoni, anacheka peke yake. Shemeji, sijamsikia akicheka hivi tangu augue. Nimemleta fundi seremala aje kuvunja kitasa, sasa nimemwambia angoje kwanza. Nimekosea?"

Ndahani akatia simu mfukoni, akarudi kitini.

* * *

Robo ya tatu ikapita, ya nne ikaanza, nyumba zikafungwa. Elfu thelathini na tatu zilikuwa zimebaki kwake, na moja ilikuwa ile ya kaka yake.

Kahama walikuwa wamefufuka. Walikuwa na msichana mmoja mfupi, mpana, anayeingia katikati ya watu kama fuso lililokatika breki. Pointi tatu zikaisha, wakapita wao. Seche akarudisha. Wakapita tena. Dakika nne. Dakika tatu. Ndahani alijaribu mabati, alijaribu bomba la maji, havikushika. Mwili ulikuwa umekataa. Kila Seche alipogusa mpira damu ilimgonga masikioni.

Alikuwa anafikiri vipande vipande. Kaka amechagua. Ni mtu mzima, ana wajukuu. Nani kanipa mimi kazi ya kumchungia roho? Halafu: wale wawili nao walichagua. Nao walikuwa na ndugu mlangoni anayegonga. Mpagazi wao hakujua, akanywa supu. Huyu wa leo anajua. Nikiendelea kukaa hapa nikiwa najua, nimekuwa nini?

Na elfu thelathini na tatu je? Walilipa, walingoja mwaka mzima. Wengine wao hawana miguu, wengine wanalea. Hawa nao niwafanyeje?

"Safi sana!" Grasiana akamwambia sikioni. "Hapo hapo, mzee, endelea hivyo. Namba zako hazijawahi kufika hapa."

Sekunde kumi zilibaki, Kahama wanaongoza sitini na mbili kwa sitini. Seche alipokea mpira pembeni, akamzunguka mmoja, akamzunguka wa pili, akapaa. Yule fuso akamgonga hewani. Seche alianguka kwa mgongo, ubao wa sakafu ukalia, filimbi ikalia, na moyo wa Ndahani ukasimama, kisha ukagonga pigo moja kubwa kiasi kwamba alidhani kifua kimepasuka.

Alishika kola kwa mikono miwili akaivuta. Fundi alikuwa ameifunga vizuri, ngozi ikachubuka. Akaivuta tena. Ikatoka na nywele za kisogoni.

Huko majumbani, watu elfu thelathini na tatu wakabaki gizani na nyoyo zao wenyewe.

Sikioni kulikuwa na kelele. Ndahani akakitoa na kile kidude cha sikioni, akakitupa chini, akatoa simu mfukoni. Safari hii ililia mara mbili tu.

"Mshenzi!" Yeremia alikuwa anahema kama mtu aliyepanda kilima. "Mshenzi mkubwa! Umenizimia! Mwanangu kaanguka halafu unanizimia! Ameumia? Ndahani! Ameumia?"

"Hajaumia. Ameinuka."

"Ameinuka vipi?"

"Ameinuka tu, kaka. Amesimama."

"Anachechemea?"

Ndahani akatazama. Alikuwa amekaa kwenye ukumbi huu miaka kumi na moja na hakuwahi kutafuta neno hata moja. Macho yalifanya kazi yote. "Hachechemei. Anajifuta mkono kwenye bukta. Refa anampa mitupo miwili."

Ukumbi ulikuwa mtupu na kimya, na sauti yake ilikwenda mpaka ukuta wa pili ikarudi. Wachezaji wote kumi waligeuka. Wapagazi wengine kumi na mmoja walikaza macho mbele, hawakuthubutu kumtazama. Kwenye mstari, Seche akainua kichwa.

"Baba mdogo?" akaita.

Refa alikuwa kijana. Hakuwahi kusikia mtu akiongea kutoka kitini, hakujua sheria inasemaje. Akampa binti mpira.

"Wanafanya nini?" Yeremia akauliza. "Mbona kimya? Tangaza basi, umeshanizimia, tangaza!"

"Yuko mstarini. Ana mpira. Anaudunda."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Mara mbili. Mara tatu. Anavuta pumzi, ameinama magotini..."

"Usiende mbio! Unatangaza kama unauza mnada!"

"Anarusha." Ndahani akaufuata mpira kwa macho. "Imeingia. Sitini na moja."

Yeremia alitoa sauti ya mtu aliyeonja kitu. Nyuma yake mlango uligongwa, Mama Seche akiita.

"Wa pili, kaka. Bado sekunde nne. Akiufunga tunakwenda muda wa ziada. Amepewa mpira. Haudundi safari hii. Ananitazama mimi."

"Kwa nini anakutazama wewe? Atazame ringi!"

Ndahani alijua kwa nini. Tangu aanze kucheza ligi, hakuna sauti ya ndugu yake iliyowahi kuwa ndani ya ukumbi huu, na leo ameisikia kwenye sekunde mbaya kuliko zote. Walinzi wawili walikuwa wanashuka ngazi upande wa kushoto. Seche akageuza macho kwenye ringi, akarusha.

Mpira ulipanda. Ulishuka juu ya ukingo wa ringi, ukazunguka nusu duara, ukasita. Ukaanguka upande wa nje. Yule fuso wa Kahama akaudaka, akaukumbatia tumboni kama mtoto, honi ikalia.

"Ndahani. Imeingia?"

Angeweza kusema chochote. Angeweza kusema ndiyo kwa nusu saa, mpaka majirani watakapoleta habari. Alisikia pumzi ya kaka yake inaingia na kutoka, na filimbi nyembamba ndani yake.

"Imetoka, kaka. Tumefungwa kwa pointi moja."

Pumzi ikakatika. Ndahani akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Mkono wake ulikuwa umefinya simu mpaka vidole vimekufa ganzi. Tano. Sita.

"Kaka?"

"Nipo." Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake. "Nipo, acha kelele. Analia?"

Ndahani akatazama vizuri, kwa sababu sasa ilibidi aseme. "Halii. Ameshika kiuno. Wenzake wamemzunguka, anawasukuma, anakuja huku niliko."

"Mpe simu."

Ndahani aliruka kizuizi cha chuma kwa miaka yake hamsini na mbili, goti likagonga, akaingia kwenye mbao ambazo hakuwahi kuzikanyaga. Walinzi walimfikia wakati uleule na Seche. Alinyoosha mkono katikati yao, akampa simu.

"Nimekuharibia mtupo," akamwambia.

Seche aliweka simu sikioni, akawapa wote mgongo. "Baba?" akasema, mabega yakaanza kutikisika, kwa kilio au kicheko, kwa nyuma haikujulikana.

Mlinzi mmoja alimshika Ndahani bega la kulia, mwingine la kushoto, wakamwambia twende. Alikwenda. Damu ya shingoni ilikuwa imelowesha ukosi wa shati, na moyo ulikuwa unamdunda kwa nguvu zake zote, dakika baada ya dakika, haumwendei mtu yeyote.